Sheria nne za kuongeza fedha za shule Marekani: Illinois, California, Texas na Maryland zikiwekwa bega kwa bega

Mswada wa kuongeza fedha za shule za umma unapotangazwa katika jimbo lolote la Marekani, kinachotangulia ni tarakimu kubwa: bilioni kadhaa kwa miaka kadhaa. Mzazi aliyehamia Houston, Chicago au Baltimore kutoka Bukavu, Mombasa au Kigoma husikia tarakimu hiyo, kisha huombwa atie saini, akatoe maoni mbele ya kamati, au ampigie simu mbunge wake wa jimbo. Tarakimu peke yake haimsaidii kuamua. Kama shule ya mtaani kwake itapata mwalimu mwingine au la, hilo hutegemea mambo manne yaliyo ndani ya mswada: kiwango cha msingi kinacholipwa kwa kila mwanafunzi kinapandaje mwaka hadi mwaka, nani anahesabiwa na kwa njia gani, nani anatangulia kupata pesa mpya, na nani anahakikisha zimefika darasani.

Kwanza tuelewane juu ya mlipaji. Serikali kuu ya Washington huchangia takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya gharama za shule za umma. Zinazobaki hutoka kwa jimbo na kwa wilaya ya shule yenyewe, na fedha za wilaya kwa sehemu kubwa ni kodi ya nyumba na ardhi. Hapo ndipo tofauti inapozaliwa: wilaya yenye majumba ya bei mbaya hukusanya fedha nyingi kwa kiwango kidogo cha kodi, na wilaya ya nyumba duni hujikamua na bado haifiki. Kazi ya fomula ya jimbo ni kuziba pengo hilo. Msomaji wa Kenya aliyezoea kapitesheni, au wa Tanzania aliyezoea ruzuku ya uendeshaji, asidhani ni kitu kilekile. Kwetu serikali hutaja kiasi kimoja kwa kila mwanafunzi, awe Turkana au Kiambu. Huku kila jimbo lina hesabu yake, na ndani ya hesabu hiyo watoto hawana uzito mmoja: mwenye mahitaji zaidi huiletea wilaya yake fedha zaidi.

Illinois, 2017: anza na gharama halisi

Sheria hii ilisainiwa na Gavana Bruce Rauner tarehe 31 Agosti 2017. Haianzi kwa kuuliza "tuna shilingi ngapi", bali "shule nzuri inagharimu nini". Orodha ya vitu zaidi ya 30 huhesabiwa kwa kila wilaya: walimu, wauguzi, washauri, vifaa, matengenezo. Idadi ya wanafunzi kwa mwalimu imeandikwa ndani ya sheria. Chekechea hadi darasa la 3 ni wanafunzi 20 kwa mwalimu mmoja, na 15 kwa watoto wa familia za kipato cha chini. Kuanzia darasa la 4 hadi la 12 ni 25, na 20 kwa wenye kipato cha chini. Kwa kila wanafunzi 125 wanaojifunza Kiingereza huongezwa mwalimu mmoja wa kuwasaidia. Jumla ya hayo yote ndiyo shabaha ya utoshelevu ya wilaya hiyo.

Kisha hutazamwa wilaya ina nini mkononi. Tuseme shabaha ni dola 15,000 kwa mwanafunzi, na kodi za wilaya pamoja na fedha za jimbo inazopata tayari zinafika 10,500. Wilaya hiyo iko kwenye asilimia 70. Jirani yake mwenye shabaha ileile ana 16,500, yaani asilimia 110. Wilaya zote hugawanywa katika madaraja manne, na pesa mpya hazigawanywi sawa: daraja la 1, lililo mbali zaidi na shabaha, huchukua asilimia 50, la 2 asilimia 49, na wilaya za daraja la 1 hushiriki hata katika fungu hilo, la 3 asilimia 0.9, la 4 asilimia 0.1. Katika milioni 300, hiyo ni milioni 150, milioni 147, milioni 2.7 na laki tatu. Sijaona mgawanyo mwingine katika sheria hizi nne unaosema wazi hivi kwamba mwenye njaa ndiye atakayepakuliwa kwanza.

Jambo la pili zuri: pesa ulizopata mwaka huu huingia kwenye kiwango chako cha chini cha mwaka ujao. Hakuna wilaya inayonyang'anywa. Kinga hiyo ndiyo iliyopunguza upinzani wa wilaya tajiri, kwa kuwa hazikuhitaji kupoteza ili maskini wapate.

Udhaifu wake ni kasi. Sheria iliweka lengo la nyongeza ya angalau milioni 350 kwa mwaka, zikiwemo milioni 50 za kupunguza kodi ya majengo, na ikataka kila wilaya ifike asilimia 90 ya shabaha ifikapo Juni 2027. Lakini gharama hupanda kila mwaka, na pengo lililobaki bado linahesabiwa kwa mabilioni. Mwaka wa bajeti wa 2021, wakati wa korona, nyongeza haikutolewa kabisa. Sheria ina shabaha nzuri, ila haina chanzo cha kodi kilichofungwa nayo. Bunge linaweza kulipa kidogo bila kuivunja.

California, 2013: uzito kwa mtoto

Gavana Jerry Brown alifuta makumi ya mifuko midogo yenye masharti na kuweka fomula moja. Kila mwanafunzi ana kiwango cha msingi kulingana na darasa lake. Mtoto wa familia ya kipato cha chini, anayejifunza Kiingereza, au aliye chini ya uangalizi wa serikali kwa kutengwa na wazazi, huongezewa asilimia 20 ya msingi. Wilaya ambayo watoto hao wamezidi asilimia 55 ya wanafunzi wake hupata nyongeza ya pili kwa wale waliovuka mstari huo. Nyongeza hiyo ilianza kwa asilimia 50 na kupandishwa hadi 65 katika mwaka wa shule wa 2021–22.

Tupige hesabu kwa msingi wa mfano wa dola 10,000 na wilaya yenye asilimia 70 ya watoto hao. Nyongeza ya kwanza: 20% × 10,000 × 0.70 = 1,400. Nyongeza ya pili: 65% × 10,000 × 0.15 = 975. Wastani kwa kila mwanafunzi ni 12,375. Wilaya ya asilimia 40 ingepata 10,800 tu.

Angalia mambo mawili. La kwanza, mtoto huhesabiwa mara moja. Aliye maskini na pia anajifunza Kiingereza haleti nyongeza mbili. Hili linawagusa watoto wengi wa wakimbizi waliotoka kambini, ambao wako katika makundi yote mawili. La pili, California hulipa kwa mahudhurio, si kwa uandikishaji. Wilaya yenye watoto 1,000 walioandikishwa, wakihudhuria kwa asilimia 90, hulipwa kwa watoto 900. Mahudhurio yakipanda hadi 95, hulipwa kwa 950, na kwa hesabu yetu tofauti ni dola 618,750, fedha za walimu kadhaa. Sheria hulainisha pigo kwa kutumia mahudhurio ya mwaka huu, ya mwaka uliopita au wastani wa miaka mitatu iliyotangulia, lolote lililo kubwa. Hata hivyo, shule za mitaa ya wagonjwa wa pumu na familia zinazohamahama hupoteza zaidi.

Upande wa usimamizi, kila wilaya huandika mpango wa miaka mitatu na kuuhuisha kila mwaka, upitishwe kabla ya tarehe 1 Julai. Wilaya yenye wanafunzi 51 au zaidi wanaojifunza Kiingereza lazima iwe na kamati ya wazazi wao, na pale wanafunzi hao wanapofika angalau asilimia 15 ya wote, mkurugenzi wa wilaya anatakiwa kuyajibu kwa maandishi maoni ya kamati hiyo juu ya mpango. Hiki ni chombo halisi, kitumieni. Kasoro iliyodumu kwa miaka ni kwamba fedha za nyongeza ambazo hazikutumika ziliweza mwaka uliofuata kuhesabiwa kama fedha za kawaida na kutumika kwa lolote. Mkaguzi wa jimbo aliinyooshea kidole mwaka 2019, na mwaka 2021 sheria ikarekebishwa ili salio libaki na jukumu lake. Anayesoma mswada wa uzito katika jimbo jingine aanze hapo: salio la fedha za watoto hawa linakwenda wapi?

Texas, 2019 na 2025: kiwango kimoja na mshahara

Hii ndiyo sheria inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini tarakimu ya tangazo haitoshi. Mswada wa 2019 ulitangazwa kwa dola bilioni 11.6. Takriban bilioni 5 kati ya hizo zilikuwa za kupunguza kodi ya majengo. Jimbo linaposhusha kiwango cha kodi ya wilaya na kuziba nafasi kwa fedha zake, mwenye nyumba anapata nafuu, lakini shule haijapata senti mpya. Mpangaji asiye na nyumba, na wageni wengi wanapanga, hana hakika kuwa nafuu hiyo itamfikia.

Kilichobaki kilikuwa kikubwa hata hivyo. Kiwango cha msingi kwa mwanafunzi kilipanda kutoka dola 5,140 hadi 6,160. Angalau asilimia 30 ya nyongeza ya wilaya ililazimishwa kwenda kwenye mishahara na marupurupu. Watoto wa miaka 4 wenye sifa walipata chekechea ya siku nzima. Uzito wa mtoto maskini uliwekwa kati ya 0.225 na 0.275 kulingana na hali ya mtaa anakoishi, yaani dola 1,386 hadi 1,694 kwa kiwango cha wakati huo. Anayejifunza Kiingereza ana 0.1 yake, au dola 616, na tofauti na California, mtoto mmoja anaweza kubeba uzito wa aina zote mbili.

Ila 6,160 haikufungwa na mfumuko wa bei. Ilikaa palepale kutoka 2019 hadi 2025, huku bei nchini zikipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Ili kununua kile kilichonunuliwa mwaka 2019, kiwango kilipaswa kuvuka dola 7,390. Mwaka 2023 nyongeza ilikwama bungeni kwa sababu ilifungwa pamoja na mpango wa kulipia ada za shule binafsi. Mwaka 2025 zikapita zote mbili: takriban bilioni 8.5 kwa shule za umma, na bilioni 1 kwa akaunti za shule binafsi. Kiwango cha msingi kiliongezwa dola 55 tu, kikawa 6,215. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilielekezwa kwenye matumizi yaliyotajwa, hasa mishahara ya walimu wenye uzoefu: katika wilaya kubwa dola 2,500 kwa mwalimu wa mwaka wa 3 na wa 4, na 5,000 kuanzia mwaka wa 5, katika wilaya zenye wanafunzi 5,000 au pungufu, 4,000 na 8,000. Kwa mwalimu ni jambo jema na anastahili. Kwa wilaya inayolipa umeme, bima na mafuta ya mabasi kutoka kiwango cha msingi, dola 55 haziendi mbali.

Illinois nayo ilifanya mabadilishano ya aina hii: maafikiano ya 2017 yalibeba nafuu ya kodi ya hadi milioni 75 kwa mwaka kwa wafadhili wa masomo ya shule binafsi, na mpango huo ulikwisha mwishoni mwa 2023. Miswada miwili ikifungwa kamba moja, soma tarehe ya mwisho ya kila mmoja.

Maryland, 2021: mpango mzima na msimamizi wake

Gavana Larry Hogan aliupinga kwa kura ya turufu mwaka 2020, na bunge likaipindua Februari 2021. Ni mpango wa miaka kumi wa kufikisha nyongeza ya karibu bilioni 4 kwa mwaka. Tofauti yake na nyingine tatu ni kwamba haukuishia kwenye fomula. Unataja mshahara wa kuanzia wa mwalimu, dola 60,000 ifikapo Julai 2026. Nyongeza ya 10,000 kwa mwenye cheti cha kitaifa cha ubingwa, na 7,000 nyingine akifundisha shule iliyo nyuma. Chekechea kwa watoto wa miaka 3 na 4 wa familia za kipato cha chini. Na ruzuku kwa shule zenye umaskini mwingi, takriban dola 250,000 kwa shule mwanzoni, kwa ajili ya mratibu na mhudumu wa afya. Ruzuku hiyo ilianza na shule zenye asilimia 80 ya watoto maskini, na kizingiti kikapangwa kushuka hadi 55.

Lililo adimu zaidi ni haya mawili. Kuna bodi huru ya usimamizi yenye uwezo wa kuzuia sehemu ya fedha za wilaya isiyotekeleza. Na kwa mafungu makuu, angalau asilimia 75 ya fedha zilizoletwa na mtoto lazima zifike kwenye shule anayosoma, zisibaki ofisi ya wilaya.

Ugumu wake ni kwamba mpango mkubwa hugonga ukuta wa watu. Muda zaidi wa walimu kuandaa masomo pamoja unahitaji walimu zaidi, nao hawakupatikana, kwa hiyo mwaka 2025 sehemu hiyo ilisogezwa mbele. Kaunti nazo zinalazimika kuchangia fungu lao, na baadhi zililalamika kwamba zinabanwa.

| | Illinois | California | Texas | Maryland |
|---|---|---|---|---|
| Huanzia wapi | gharama ya shule inayotosha | msingi na uzito | kiwango cha msingi | mpango wa matokeo |
| Hesabu ya watoto | uandikishaji | mahudhurio | mahudhurio | uandikishaji |
| Anayetangulia | wilaya iliyo mbali na shabaha | wilaya zaidi ya 55% | walimu, walipa kodi | shule zenye umaskini mwingi |
| Msimamizi | wizara ya elimu ya jimbo | mpango wa wilaya na kamati za wazazi | masharti ya mishahara | bodi huru |
| Hatari kubwa | kasi ndogo | salio na mahudhurio | mfumuko wa bei | ukosefu wa walimu, mzigo wa kaunti |

Ohio iongezwe kwa kifupi, kwa kuwa Columbus ina Wakongomani wengi. Fomula yake ya 2021 hupima uwezo wa wilaya kwa mali asilimia 60 na kipato asilimia 40, kipimo cha haki kuliko mali peke yake. Lakini iliwekwa ndani ya bajeti ya miaka miwili, na katika bajeti ya 2025 gharama za walimu ziliachwa kwenye takwimu za zamani huku thamani ya nyumba ikihuishwa. Matokeo yake, wilaya inaonekana tajiri kuliko jana na mahitaji yake yaleyale, na mchango wa jimbo unashuka. Tarehe za pande zote mbili za hesabu lazima ziwe za mwaka mmoja. Mswada usiotaja hilo una tundu.

Uchague upi?

Ukiwa katika wilaya maskini inayojitoza kodi kubwa na bado haifiki, unga mkono mfumo wa Illinois, na udai nyongeza ya mwaka ifungwe na mfumuko wa bei pamoja na chanzo cha kodi. Ukiwa katika wilaya kubwa iliyochanganyika, ambako watoto wahitaji wamekusanyika shule chache tu, fomula yoyote inayolipa wilaya inaweza kukupita mbali. Hapo sharti la Maryland la asilimia 75 lina thamani kuliko bilioni moja ya ziada. Wilaya inayopoteza walimu kila Juni itanufaika haraka na masharti ya mishahara ya aina ya Texas, mradi kiwango cha msingi nacho kipande. Uzito wa California ni mzuri ikiwa watoto wahitaji ni zaidi ya nusu, na kamati za wazazi zipo na zinafanya kazi. Ningelazimishwa kutaja sharti moja la kutokubali kuliacha katika mswada wowote, ni kupanda kwa kiwango cha msingi kila mwaka bila kusubiri kura mpya. Minnesota iliweka hilo mwaka 2023, kwa kati ya asilimia 2 na 3 kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Si nyingi, lakini haimfanyi mwalimu kuwa mwombaji kila bunge linapokutana.

Pesa zinazopotea kabla hazijagawanywa

Hakuna fomula inayomlipia mtoto asiyehesabiwa. Upotevu mwingi katika jamii zetu hutokea kwenye karatasi mbili.

Ya kwanza ni dodoso la lugha ya nyumbani, linalojazwa siku ya kuandikisha. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakihofia mtoto atarudishwa nyuma au atatengwa. Akiandikwa hivyo hapimwi, halipiwi, na akikwama darasani hana mwalimu wa kumsaidia. Andika Kiswahili, Kinyamulenge, Kisomali, lugha mnayozungumza kweli. Shule itampima, na ikibainika Kiingereza chake kinatosha, hatawekwa kwenye programu hiyo.

Ya pili ni fomu ya kipato. Katika majimbo na shule ambako chakula ni bure kwa wote, kama California na Minnesota, wazazi huona hakuna haja ya kuijaza. Chakula hakiitegemei tena, ila fedha za wilaya huenda bado zinaitegemea. Jimbo likitumia orodha za misaada ya serikali peke yake, familia yenye sifa ambayo haikuomba msaada huo haionekani. Ijaze kila mwaka mapema, kwa sababu California, kwa mfano, huhesabu watoto mapema Oktoba.

Kuhusu mikutano: California hulazimisha tafsiri ya taarifa pale asilimia 15 ya wanafunzi wa shule wanapozungumza lugha moja, na Kiswahili hakifiki huko katika shule nyingi. Kwa hiyo ombeni mkalimani kwa maandishi siku kadhaa kabla. Sheria ya shirikisho inazitaka shule zinazopokea fedha zake ziwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa. Bunge la Maryland hukaa siku 90 kuanzia Januari. La Texas hukutana miaka ya witiri, Januari hadi mwisho wa Mei, siku 140. Illinois hulenga kumaliza bajeti tarehe 31 Mei. Maoni juu ya mpango wa wilaya ya California yapelekwe Aprili au Mei, kwa sababu mwezi Juni bodi inapopiga kura, hesabu za ajira za mwaka ujao zimekwisha kufungwa.